Nati Iliyofungwa Wakati wa Chai

Mkono wangu wa kushoto una alama ya chai. Inaanzia kwenye kiwiko inashuka mpaka mahali pa kuvaa saa, na ngozi imejikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa. Watu wakiniuliza nawaambia ilikuwa injini. Mtu mwenye malori ya kubeba mahindi, mwenye kinu cha kusaga unga hapa Kitale na nyumba ya ghorofa aliyojijengea bila kushikwa mkono na mtu, hawezi kukaa mbele ya watu aseme alimwagiwa chai kama mbwa aliyeingia jikoni. Lakini ni chai. Na aliyenimwagia bado yuko Bungoma na gereji yake ni ile ile. Hapa nataka kuandika vile nilimrudishia.

Shule niliachia darasa la sita. Sioni aibu. Kwetu Tongaren mvua ilikataa, mahindi yakakauka yakiwa yamefika magotini, na baba akasema kila mtu ajitafutie. Wenzangu walijitafutia usingizi. Mimi nilienda Bungoma nikaingia gereji kuwa mtoto wa spana. Mafuta machafu niliyakoga mpaka mama yangu alinipita sokoni bila kunijua.

Mwenye gereji alikuwa mtu wa makamo, mnene, mkono kama mguu wa ng'ombe. Mji mzima ulimsifu kwa mambo mawili. La kwanza, nati aliyoikaza yeye hakuna fundi mwingine aliyeweza kuifungua. Watu walipeleka magari Webuye, wengine Kitale, na yote yalirudi kwake yakivutwa kwa kamba. Ati mkono wake una dawa, ati alichanjwa huko mlimani Elgon. La pili ni ukarimu. Gari likifika mahali pa kufungwa magurudumu, alijipangusa mikono akamwambia mteja, "Aya, sasa twende chai." Mteja anavuka barabara kwenda hoteli iliyo ng'ambo, anapewa chai na mandazi, na fundi ndiye analipa. Sisi watu wa spana tunatumwa na birika kuleta chai ya gereji.

"Rete chai," alikuwa ananiambia, maana yeye l na r zilikuwa zinabadilishana viti mdomoni mwake. "Na usiludi mbio, utamwaga."

Wote tunaenda. Yeye anabaki na gari peke yake. Tukirudi, kazi imeisha, nati imepakwa rangi nyekundu, na yeye anaipiga bodi kofi anasema maneno yake ya siku zote: "Gali ikifungwa na mimi, imefungwa."

Siku moja hoteli ilikuwa imepika chai mapema kwa sababu ya watu wa matanga. Nikajaziwa birika papo hapo, nikarudi. Nilimkuta amechuchumaa kwenye gurudumu, amenipa mgongo, na mbele yake kuna mwali wa gesi wa rangi ya samawati. Sikuona zaidi ya hapo. Aligeuka, akasimama, akaichukua birika mkononi mwangu polepole kama mtu anayetaka kunisaidia mzigo. Halafu akanishika mkono akaumwagia chai, polepole vile vile, kama anayemwagilia sukuma wiki. Wenzangu walikuwa wanaingia langoni na mandazi. Waliona, wakacheka, kwa sababu yeye alikuwa anacheka.

"Wewe ni mtu wa kubeba bilika tu," aliniambia. "Nati yangu wewe hutaifungua mpaka uzeeke."

Nililia nikiwa juu ya lori la mahindi mpaka Kitale. Baada ya hapo sikulia tena kwa kitu chochote. Nilibeba magunia, nikanunua toroli, nikanunua lori bovu nikalifufua mimi mwenyewe, likazaa lingine. Malori yangu hakuna fundi anayeyagusa. Nayafungua na kuyafunga kwa mikono hii, na mtu mwenye digrii ya injini akija kwangu namkaribisha atazame. Lakini kila nilipoosha mikono jioni, sabuni ilifika kwenye ile alama, na nilimkumbuka yule mtu kwa jina lake na la baba yake.

Ndiyo sababu mwaka jana, Malakisi, nilifanya kitu ambacho mke wangu bado anakiita wazimu. Nilikuwa nimepeleka mahindi huko nikamkuta mkulima wa tumbaku anauza gari jeupe la stesheni wagoni. Nililizunguka. Lilikuwa limechoka, viti vimeraruka, ndani linanuka tumbaku kama mfuko wa babu. Nikamwambia sitaki.

"Basi sawa," akasema. "Kusema ukweli, gurudumu la mbele kushoto linasumbua kidogo. Lakini usiwe na hofu. Kuna mzee mmoja Bungoma ndiye huifunga nati yake. Ikisumbua, unamrudishia yeye tu. Mwingine hawezi."

Nikainama. Nikatoa kifuniko cha gurudumu. Nati ya ekseli ilikuwa pale katikati, imekaa kama kitovu, nyekundu.

"Nalichukua," nikasema.

"Si ulisema hutaki, bana?"

"Sasa nataka."

Mke wangu alipoliona langoni aliuliza kama nimeanza kuvuta hiyo tumbaku.

Sikuligusa gurudumu hilo. Nilitaka liite lenyewe. Na liliita. Nikitoka Kiminini siku moja, beringi ya kushoto ilianza kulia kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye kamba, na nilipofika nyumbani ilikuwa inanguruma. Nikanunua beringi mpya. Kuibadilisha lazima ekseli itoke, na ekseli haitoki mpaka nati ifunguliwe. Nikamwambia mke wangu jambo moja tu: nati hii nitaitoa hapa uani, ikiwa nzima na ekseli ikiwa nzima. Nikishindwa, nitalivuta gari mpaka Bungoma, nitampigia yule mzee magoti, na tangu siku hiyo aniite mbeba birika mpaka kaburini.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Mke wangu alikuwa amevaa kitenge cha kanisa, Biblia kwapani, anangoja. Mimi nilikuwa chini.

Sasa nieleze kidogo, kwa ambaye hajawahi kulala chini ya gari. Nati ya ekseli ina ukingo mwembamba unaozunguka juu yake. Fundi akishaikaza, anaugonga ukingo huo mahali pamoja, uingie kwenye mfereji ulio kwenye ekseli, ndiyo nati isijifungue barabarani. Kuitoa ni kuuinua ukingo kwa tindo nyembamba, halafu unatia soketi, unatia mpini mrefu, unavuta. Kazi ya kawaida. Gari linabaki chini kwenye magurudumu yake, breki imebanwa kwa ubao, ili ekseli isizunguke nawe.

Niligonga ukingo kwa tindo. Haukuinuka. Mfereji ulikuwa umejaa, hauna nafasi ya kuingiza hata ukucha. Nikasema ni kutu. Nikamwaga mafuta ya kulainisha, nikangoja, nikatia soketi, nikavuta. Hakuna kitu. Nikatia paipu ya maji kwenye mpini ili uwe mrefu, nikasimama juu ya paipu, na mimi si mtu mwembamba. Paipu ikapinda kama muwa. Nati imetulia.

Nikaitukana. Niliitukana kwa Kiswahili, halafu kwa Kibukusu, kwa sababu Kibukusu kina matusi yanayofika chini zaidi.

"Baba Watoto," mke wangu akasema, "leo ni Jumapili."

"Hata Yesu alikuwa fundi."

"Alikuwa seremala. Na hakutukana mbao."

Jirani yangu akachungulia juu ya ua. Ni mzee aliyestaafu kazi ya serikali, familia yao ilitoka kule Murang'a ikanunua shamba hapa zamani, na hakuna jambo linalomfurahisha kama kazi ya mtu mwingine kukwama.

"Jirani! Hiyo si ukate tu na msumeno wa stima?"

"Nikiikata nitagusa ekseli."

"Basi livute mpaka kwa yule wa Bungoma. Shemeji yangu alifanya hivyo. Alipewa hata chai."

Nilimtazama. Nafikiri aliona kitu usoni mwangu, kwa sababu kichwa chake kilishuka nyuma ya ua bila kusema kwaheri.

Nilikaa chini nikaegemea gurudumu. Mke wangu alikwenda kanisani peke yake. Na hapo peke yangu nilianza kumfikiria yule mzee, si kwa hasira tu, kwa akili. Miaka yote niliamini alikuwa anachomelea nati kwenye ekseli, chuma kwa chuma. Lakini angefanya hivyo, yeye mwenyewe angeifunguaje? Angelazimika kukata. Na hakuwahi kukata. Mteja akirudi alikuwa anapelekwa chai tena, na akirudi kutoka chai nati iko nje, safi, inang'aa. Kwa hiyo ndani kuna kitu kinachokubali kutoka. Kitu laini.

Nikaleta mtungi wa gesi kutoka kwenye kibanda changu cha malori. Nikawasha mwali mdogo, nikauelekeza kwenye nati peke yake, si kwenye ekseli, maana ekseli ukiipika inakuwa biskuti. Rangi nyekundu ikaanza kutoa mapovu, ikawa nyeusi, ikabanduka. Nikazima. Nikasugua kwa brashi ya waya.

Kitu kikanikonyeza. Ndani ya mfereji, palipotakiwa kuwa na nafasi, palikuwa pamejazwa kitu cha manjano, kimesawazishwa kwa tupa mpaka kikalingana na chuma. Shaba. Ile shaba ya manjano mafundi wa gesi wanaiita brasi, inayoyeyuka upesi na kuganda upesi, na ambayo tindo kali inaila kama jibini. Hiyo ndiyo dawa ya mlimani. Hiyo ndiyo sababu ya chai. Mteja anameza mandazi ng'ambo ya barabara, huku anafungwa kamba shingoni, na akirudi anasema asante.

Nilicheka mpaka kuku wakakimbia.

Nikanoa tindo. Nikaichimba shaba, kipande kwa kipande, nikaviweka vipande kwenye kitambaa. Kimoja kikubwa nilikiacha kimeshika kwenye ukingo wa nati, makusudi. Halafu nikauinua ukingo, nikatia soketi, nikatia paipu nyingine, sikusimama juu yake. Niliivuta kwa mikono, polepole. Ikalia *kaa!* kama mtu aliyevunjwa kidole, ikaachia. Nyuzi za ekseli zilikuwa salama, unaweza kuzipitishia ulimi. Mke wangu aliporudi kutoka kanisani, beringi mpya ilikuwa ndani, gurudumu limefungwa na nati mpya, na mimi nimekaa barazani nimeoga, ile ya zamani iko mezani mbele yangu.

"Imetoka," akasema. "Basi. Imeisha."

"Ndiyo inaanza," nikamwambia.

Kesho yake nilipita Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, Chwele, gurudumu likiwa kimya kama mtoto aliyeshiba. Bungoma sikwenda gereji. Mtu mjinga angekwenda gereji akapiga kelele, akafukuzwa kama mlevi. Mimi nilikwenda hoteli ya ng'ambo. Nikachagua meza inayotazama langoni mwa gereji, nikaagiza soda, nikangoja chai ya mtu mwingine.

Haikuchukua muda. Alivuka mama mmoja mwenye mwili, mkoba kwapani, uso wa mtu wa biashara. Nilijua baadaye kwamba anauza vitenge. Nyuma yake wanaume wawili, nao magari yao yako kwa yule mzee. Halafu vijana wa spana na birika. Wakaketi. Mhudumu akawawekea chai bila kuuliza.

"Huyu fundi ana roho nzuri," mama akasema. "Kwingine hata maji hupewi."

Nikatoa kitambaa mfukoni. Nikaiweka nati mezani mbele yake, upande wa manjano juu, na vile vipande pembeni.

"Mama, samahani. Gari lako linafungwa gurudumu saa hii?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Hii ndiyo chai unayokunywa."

Nikawaeleza. Kwa kifupi tu, na sikutaja mkono wangu. Wanaume wale walikuwa wanaipokezana ile nati, mmoja akaikwaruza kwa ufunguo, shaba ikang'aa. Akasema, "Na yangu ilikataa kufunguka Eldoret. Nililivuta gari kutoka Eldoret!" Mama alimaliza mandazi yake, akajipangusa vidole, akasimama. "Twendeni," akasema. "Na nyinyi vijana, wekeni birika chini. Mkitangulia kupiga kelele nitawachapa na mkoba."

Tulivuka barabara pamoja, kundi zima. Langoni tulinyamaza. Yule mzee alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la mama, ametupa mgongo. Amezeeka, nywele zimekuwa za kijivu, lakini mgongo ni ule ule. Mwali wa samawati ni ule ule. Mkono wa pili ulikuwa umeshika fimbo nyembamba ya shaba, akiidondosha kwenye mfereji tone kwa tone.

Tulimtazama mpaka akamaliza. Mimi ndiye niliyewaashiria wangoje. Nilitaka amalize.

Alipogeuka kuchukua kopo la rangi, alituona.

"Nani amesema mludi?" Sauti ilikuwa ndogo. "Chai imeisha?"

"Bado iko," mama akasema. "Ni mimi nimeiacha. Hiyo ni nini?"

"Hii? Hii ni ya usarama, mama. Nati ikifunguka balabalani utakufa na watoto."

"Kama ni ya usalama, kwa nini unanifukuza niende chai? Si ungenifanyia usalama nikiwa hapa hapa?"

Yule wa Eldoret alikuwa tayari amechuchumaa kwenye gari lake mwenyewe, anakwaruza rangi nyekundu kwa ufunguo.

Hapo ndipo niliposogea. Nilikunja shati mpaka juu ya kiwiko, nikamnyooshea mkono kama mtu anayesalimia, nikamwamkia kwa Kibukusu, kama mtoto kwa baba.

"Mulembe, Papa."

Aliutazama mkono, hakuushika. Macho yake yalishuka na alama, yakapanda nayo. Nilimwona akihesabu miaka.

"Ni wewe wa bilika," akasema.

"Ni mimi. Na nati yako nimeifungua. Sijazeeka bado."

Mtu mmoja akacheka nyuma yangu. Vijana wa spana, wale wa sasa, walikuwa wameganda langoni. Mama akamwambia mzee achukue tindo aichimbe shaba yake yote, mbele ya macho yake, na nati asiipake rangi. Alichimba. Tindo iliteleza. Nilisimama juu yake nikimwelekeza, "Kushoto kidogo, Papa. Bado kuna kipande hapo," kwa heshima zote, vile mtu anavyomwelekeza mtu anayejifunza.

Alipomaliza nilimwambia, "Tumesimama sana, Papa. Tuna kiu. Rete chai."

Kijana mmoja wa spana akaanza kukimbia. Nikamzuia. "Si wewe. Yeye."

Alimtazama mama, akawatazama wale wanaume. Hakuna aliyemsaidia. Akavuka barabara akiyumba kidogo, na sisi sote tukamtazama akiingia hotelini, akitoka na birika ameishika kwa mikono miwili, akingoja pikipiki zipite. Hakurudi mbio. Hakumwaga.

Nilimpokea ile birika. Ilikuwa imejaa, mvuke unatoka mdomoni mwa birika. Nilipoishika tu, alivuta mikono yake yote miwili akaikumbatia kifuani, akafumba macho.

Nilimwacha akae hivyo. Nilimwacha muda wa kutosha, kwa sababu mimi niliungojea muda huo tangu nikiwa juu ya magunia ya mahindi nikienda Kitale, na sikuwa na haraka yoyote ya kuumaliza. Halafu niliimwaga chai chini, mbele ya viatu vyake, polepole, kama mtu anayemwagilia sukuma wiki, mpaka birika ikaisha. Hata tone moja halikumgusa. Alifumbua macho akaona tope la chai linazunguka viatu vyake. Nikaiweka birika mikononi mwake, nikaenda zangu.

Mke wangu aliniuliza kwa nini sikummwagia, kama nilikuwa na hasira hiyo yote. Nilimwambia akiungua atahurumiwa, watu watamletea kuku na dawa. Sikutaka ahurumiwe.

"Na sasa umeridhika?"

"Nitakwambia."

Wiki iliyopita yule mkulima wa tumbaku wa Malakisi alinipigia simu. Kwanza aliniuliza kama gari linatembea vizuri. Halafu akasema, "Bana, kwani ulienda kufanya nini kule Bungoma? Nimepeleka lile gari langu lingine. Gereji imekuwa kama baraza ya chifu. Wateja wamekaa juu ya mawe, wamemzunguka mzee, wanamtazama mikono. Hakuna anayevuka barabara. Anawaambia, twende chai, twende chai, hakuna anayeinuka."

"Kwani hawasikii kiu?"

"Wanakuja na thamosi zao kutoka nyumbani."

Nilimwomba arudie hapo. Akarudia. Nilikuwa naosha mikono, sabuni imefika kwenye ile alama, simu nimeibana kwa bega, na nikamwambia arudie tena.